Kisamvu cha Ganze: aina ya muhogo na kemia ya jani lake

Jani bichi la muhogo likiwa zima halina sianidi huru ya kutajika. Lina linamarini na lotaustralini, viambato viwili ambavyo ndani yake sianidi imefungwa pamoja na glukosi. Mmea huvitengeneza majanini kutokana na asidi amino mbili, valini ikizaa linamarini na isolusini ikizaa lotaustralini, kisha sehemu yake husafirishwa hadi mizizini. Linamarini ndiyo inayotawala: ni zaidi ya tisa ya kumi ya mchanganyiko wote.

Linamarini hukaa katika vakuoli, mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, hukaa mbali nayo, katika ukuta wa seli na katika utomvu mweupe. Mbuzi akilitafuna jani, au mchi ukiliponda, viwili hivyo hukutana. Linamarasi huondoa glukosi. Kinachobaki ni asetoni sianohaidrini, ambayo nayo huvunjika na kutoa asetoni na haidrojeni sianidi. Hatua hii ya pili hujiendea yenyewe penye joto au pasipo na uchachu, lakini jani lina kimeng'enya kingine cha kuiharakisha, ambacho mzizi karibu hauna kabisa. Kwa hiyo jani lililopondwa vizuri huachia sumu yake upesi kuliko mzizi. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi za selsiasi, na katika hewa ya Kilifi, Pwani ya Kenya, hutoka kama mvuke bila kungoja moto.

Katika mashamba ya Ganze, huko Kilifi, kutoka Jaribuni hadi Bamba, ambako mvua hupungua kadiri mtu anavyoiacha bahari, muhogo hulimwa kwa ajili ya mizizi na majani pia. Kibandameno ndiyo aina iliyozoeleka zaidi Pwani. Hupendwa kwa utamu wake, ingawa huugua vibaya michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ingali ardhini. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kimetoa aina nyingine za kuhimili magonjwa, zikiwemo Tajirika, Karibuni, Shibe, Siri, Karembo na Nzalauka. Mkulima huzipanga aina hizi kwa ladha ya mzizi: tamu hutafunwa mbichi, chungu hutengenezwa kwanza. Kanuni hiyo inafaa kwa mzizi, ambao huitwa mtamu ukiwa na sianidi isiyofika miligramu 50 kwa kilo ya muhogo mbichi. Kwa jani haifai. Vipimo vya nchi nyingi vimeonyesha kwamba kiasi cha sianidi cha jani hakifuati cha mzizi, na aina tamu inaweza kuwa na majani makali sawa na ya aina chungu. Kwa kawaida jani huuzidi mzizi wa mmea uleule mara 5 hadi 20. Aliyezoea kutafuna Kibandameno mbichi hana sababu ya kuamini kwamba na kisamvu chake ni salama kikipikwa haraka.

Aina moja ya Pwani ina asili inayostahili kuelezwa. Kaleso, inayojulikana pia kwa namba 46106/27, ilizalishwa katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika, katika kazi iliyoanzishwa na mtafiti H. H. Storey miaka ya 1930. Muhogo wa Afrika Mashariki ulikuwa ukiangamizwa na magonjwa ya batobato na michirizi kahawia, na aina za kienyeji hazikuwa na kinga ya kutosha. Storey na wenzake wakaugeukia mpira wa Ceara, mti wa jamii ya muhogo kutoka Brazili uliokuwa umeletwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya utomvu wake. Walizalisha chotara wa muhogo na mpira, kisha wakamrudisha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi mpaka mizizi minene ikarudi. Aina hiyohiyo kusini mwa Tanzania huitwa Namikonga. Mti wa mpira wenyewe nao huchumwa majani, na wapo watu wa mwambao wanaokipenda kisamvu cha mpira kuliko cha muhogo. Nao pia una linamarini, kwa hiyo hupondwa vilevile.

Kupima tofauti za aina kunahitaji uangalifu tangu shambani. Kipimo kinachofaa mazingira ya Afrika ni cha karatasi ya pikrati, kilichobuniwa na Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia katika miaka ya 1990. Miligramu 100 za jani hukatwakatwa na kutiwa ndani ya kichupa pamoja na maji kidogo na kimeng'enya. Karatasi ya manjano yenye pikrati huning'inizwa juu yake bila kugusa maji, kifuniko kikakazwa, na kichupa kikaachwa mpaka kesho yake. Gesi inapopanda, manjano hugeuka rangi ya chungwa, kisha kahawia. Rangi hiyo hulinganishwa na kadi maalumu. Penye maabara, karatasi hulowekwa katika mililita 5 za maji, ufyonzaji wa mwanga ukapimwa kwenye nanomita 510, na namba inayopatikana ikazidishwa kwa 396 kupata miligramu za sianidi kwa kilo. Jani likikatwa mapema na kuachwa wazi, sumu huanza kutoka kabla ya kifuniko kufungwa, na aina kali ikaonekana pole.

Hata kipimo kikiwa sahihi, jina la aina pekee halielezi mengi. Jani changa la kileleni lina linamarini nyingi kuliko jani lililokomaa la mmea huohuo, na ukame huongeza sumu katika aina zote. Tafiti mbalimbali zimetoa viwango kuanzia miligramu 53 hadi 1,300 kwa kilo ya jani lililokaushwa, na pengo hilo kubwa hutokana na umri wa jani na msimu kama linavyotokana na mbegu. Jedwali linalotaja aina bila kusema ni jani la ngapi kutoka kileleni, na lilichumwa kiangazi au masika, halimsaidii mkulima. Ganze jambo hili lina uzito wa pekee. Kiangazi kikikaza, muhogo huangusha majani yake ya chini na kubakiza kishungi cha majani machanga juu. Mboga nyingine zinapokuwa zimekauka, kinachobaki cha kuchuma ni hayo yenye sumu nyingi, katika msimu unaoizidisha.

Jani hilohilo changa ndilo bora kwa lishe. Protini hufikia robo hivi ya uzito wa jani kavu, pamoja na karotini, vitamini C na madini ya chuma. Jani likizeeka, nyuzinyuzi na tanini huongezeka na protini hupungua. Protini hiyo ina lisini nyingi lakini methionini kidogo, na upungufu huu unagusa suala la sumu moja kwa moja: mwili hugeuza sianidi kuwa thiosianati kwa kutumia salfa, na salfa hiyo hutoka katika methionini na sisteini. Anayekula kisamvu kwa kunde, dagaa au samaki ana akiba ya kujikinga. Anayekula muhogo mtupu siku baada ya siku hana. Milipuko ya konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, iliyotokea Nampula nchini Msumbiji mwaka 1981 na Tarime nchini Tanzania mwaka 1985, iliwapata watu waliokuwa wakiishi kwa muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, tena wakati wa ukame.

Kinu ndicho kinachoamua. Majani yakitumbukizwa mazima katika maji yanayochemka, joto huua linamarasi kabla haijaifikia linamarini, na linamarini yenyewe haivunjwi na moto wa jikoni. Hubaki ndani ya jani au hutoka kwenye maji ya kupikia. Yakitwangwa kwanza mpaka yalainike, kazi kubwa huwa imekwisha kabla ya sufuria kuinjikwa. Bradbury na mwenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba kutwanga kwa dakika zisizopungua kumi na kuosha mara mbili kwa maji baridi hupunguza sianidi hadi asilimia 8 ya ile ya mwanzo. Kuchemsha baada ya hapo, sufuria ikiwa wazi, huondoa iliyobaki, ingawa kuchemsha muda mrefu hupoteza vitamini C na sehemu ya methionini. Magadi hulainisha mboga na kuharakisha kuvunjika kwa sianohaidrini, lakini nayo huharibu vitamini. Tui la nazi hutiwa mwishoni, na mafuta yake huusaidia mwili kuifyonza karotini ya jani.