Picha za Giza Mikinduri

Saa mbili usiku, mwezi wa Januari, kundi la nyota la Kilimia liko karibu na utosi. Mwalimu ametega tripodi nyuma ya nyumba, mbali na taa za soko la Mikinduri, na juu yake kifaa kidogo kinachozungusha kamera ifuate nyota. Kukilenga tu kumemlia nusu saa. Wapigapicha wa Ulaya huelekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Huku karibu na ikweta nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho, haionekani. Basi analaza mhimili karibu bapa, anapiga picha ya majaribio, anatazama nyota zimevuta mkia upande gani, anagusa skrubu kidogo, anapiga tena.

Kisha picha 60 za Kilimia, kila moja sekunde 90.

Kilichonileta huanza hizo zikiisha. Anafunika lenzi kwa kifuniko chake, anaiviringishia kitambaa cheusi, kisha anapiga picha nyingine 25 za sekunde 90, kwa ISO ileile. Ni picha za giza tupu. Kihisi cha kamera kikipata joto hujizulia vinukta vyekundu na vya buluu vinavyojifanya nyota, na hapa anavikamata vikiwa peke yao. Giza la jana halimfai, kwa kuwa joto hubadilika. Lazima lipigwe usiku huohuo, katika baridi ileile inayoshuka kutoka vilima vya Nyambene. Wengi hatua hii huiruka wakalale. Yeye anafunga vifungo vya koti. Picha 25 zikifanyiwa wastani, chengachenga za kubahatisha hupungua hadi sehemu moja ya tano, na madoa ya kudumu hujitokeza wazi.

Zinafuata picha za msingi, zinazonasa alama ya kamera yenyewe. Hizo hazichukui muda: kifuniko hakijatoka, kasi ya juu kabisa ya kamera, mibofyo 50, basi.

Lenzi haivuliwi usiku kucha, na pete ya fokasi ameibana kwa selotepu. Alfajiri, kabla ya kwenda shule, anatandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi, anaikaza kwa mpira hadi isiwe na kunyanzi hata moja, anaelekeza kamera juu kabla jua halijachomoza. Picha 30. Mwanga ukiwa sawa kote, kisicho sawa ni cha kamera: kona zilizofifia, na pete za kijivu za vumbi la barabara ya murram lililotua mbele ya kihisi. Mimi ningelipuliza kwanza. Yeye haligusi, maana likihama, kasoro ya jana usiku itakosa shahidi.

Jioni anafungua Siril, programu ya bure. Giza linatolewa katika kila picha ya Kilimia. Msingi unatolewa katika zile za fulana. Kisha picha za Kilimia zinagawanywa kwa hizo za fulana. Kona iliyopata asilimia 60 ya mwanga wa katikati inagawanywa kwa 0.6, nayo inapanda hadi kulingana na wenzake. Ndipo zote 60 zinapolinganishwa na kurundikwa kuwa moja.

Kilimia kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, na kimezungukwa na vumbi linaloakisi nuru yake ya buluu, hafifu kiasi kwamba kivuli cha lenzi kingelimeza. Mwalimu anakuza pembe ya chini, palipokuwa na pete ya kijivu. Sasa pana utando wa buluu tu.

Anaitazama kitambo. Halafu anavua lenzi, anainamisha kamera itazame chini, na kulipuliza vumbi la murram.