Fasihi ya Gredi ya 10: Kilichobadilika ni Kazi ya Msomaji

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, ile ya Fasihi, ina alama 80. Mtahiniwa hujibu maswali manne, moja la lazima na matatu ya kuchagua, na kila swali lina alama 20. Swali la dondoo huwa na ngazi zinazojulikana na kila mtahiniwa: weka maneno haya katika muktadha wake, alama nne, tambua mbinu za lugha, alama nne, kisha, kwa hoja kumi na mbili, fafanua maudhui fulani, alama kumi na mbili. Hoja moja, alama moja. Muundo huu umewafundisha vijana wa Kenya namna yao ya kusoma. Mwanafunzi anaishika riwaya ya Nguu za Jadi au tamthilia ya Bembea ya Maisha huku akitafuta vitu vya kuhesabu, na akifikisha kumi na mbili anafunga kitabu. Anayetaka kujua atarajie nini katika Fasihi ya Kiswahili ya sekondari pevu aanzie hapa, maana badiliko kubwa halitakuwa katika orodha ya vitabu. Litakuwa katika kile ambacho msomaji anadaiwa afanye.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia madarasani Januari 2026. Kiswahili kimebaki miongoni mwa masomo ya lazima, ila Fasihi ya Kiswahili sasa inajitegemea, nayo huchaguliwa na anayefuata mkondo wa Sayansi ya Jamii. Mpango wa namna hii si mgeni kwetu. Kenya ilikuwa na kidato cha tano na cha sita hadi mtihani wake wa mwisho mwaka 1989, na Tanzania haijauacha: mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ungali unapeleka vijana vyuo vikuu. Somo linapojitegemea hupata nafasi ya kutulia juu ya jambo moja. Nafasi hiyo ikijazwa hoja ishirini na nne badala ya kumi na mbili, hakuna kozi ya juu iliyoanzishwa. Kilichoanzishwa ni orodha ndefu zaidi. Kozi ya juu ya fasihi humtaka mwanafunzi atoe dai moja kuhusu matini, alitetee kwa ushahidi uliomo ndani yake, na akubali kwamba mwenzake wa dawati moja anaweza kuwa na dai jingine lenye nguvu.

Mfano wa karibu uko Adu, katika eneo la Magarini, kaunti ya Kilifi. Wagiriama wa Magarini wanasimulia jinsi Mekatilili wa Menza alivyomkabili Arthur Champion, afisa wa utawala wa Kiingereza aliyetaka vijana wao kwa kazi, katika mkutano wa hadhara mwaka 1913. Masimulizi yanayojulikana sana yasema alimleta kuku na vifaranga vyake, akamwambia Mzungu achukue kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa, naye akampiga kuku risasi. Mwanafunzi wa hoja kumi na mbili atamaliza kazi upesi: ushujaa, ukoloni, nafasi ya mwanamke, dhuluma, mapenzi ya mzazi, na kadhalika. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini kisa hiki kimedumu. Darasa la juu litauliza kwa nini ni kuku na si simba jike. Nguvu ya hoja ya Mekatilili imo katika udhaifu wa mnyama aliyemchagua: ikiwa kuku asiye na silaha anamlinda mwanawe, mama wa Kigiriama atafanya nini? Litauliza pia ni nani anayeithibitisha hoja hiyo. Si Mekatilili. Ni Champion, kwa mkono wake mwenyewe. Adui amepewa nafasi ya mwigizaji katika mchezo asiojua umetungwa na nani.

Halafu kuna risasi, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Wasimulizi wangeweza kuishia kwenye kudonolewa, hadhira icheke, Mekatilili awe ameshinda. Wengi hawafanyi hivyo. Mwanafunzi mmoja anaweza kudai kwamba risasi imebakizwa ili ionekane kuwa afisa alikosa la kujibu. Mwingine atasema inatangulia yale ya 1914, Waingereza walipoilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na kuwaamuru waihame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, yaani nchi hiihii ambamo Adu imo. Madai haya mawili hayawezi kupatanishwa kwa kuyaorodhesha pamoja. Itabidi mtu arudi kwa msimulizi, asikilize anapopandisha sauti, anaponyamaza, hadhira inapoguna au kucheka, aandike alichosikia, ndipo aamue. Kukusanya data nyanjani kumekuwa katika silabasi muda mrefu, lakini zaidi kama kitu cha kutajwa tu: hojaji, mahojiano, kushiriki. Fasihi simulizi yenyewe imepatwa na hayohayo. Wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipodai mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, walitaka masomo ya fasihi yaanzie kwetu, na fasihi simulizi ipewe nafasi yake. Iliingia shuleni kweli, kisha ikageuzwa sifa sita za mtambaji bora. (Huo nao ungekuwa kinaya cha alama mbili.)

Kuna pingamizi la haki, na halitoki kwa wavivu. Watunzi wa mitihani watasema kwamba hoja kwa alama ndiyo njia pekee ya kuwapa haki maelfu ya watahiniwa, maana dai la mtu halina majibu katika mwongozo wa kusahihishia. Lakini mtihani wa AP Literature wa Marekani hufanywa na mamia ya maelfu ya wanafunzi kila mwaka, na insha zake tatu husahihishwa kila moja kwa alama sita: moja kwa dai, nne kwa ushahidi na ufafanuzi wake, moja kwa kina cha fikra. Insha moja ni juu ya shairi na nyingine juu ya kipande cha nathari, vyote wasivyowahi kupangiwa. Hata sisi tunayo mbegu yake. Swali la ushairi katika KCSE huleta shairi geni, na hakuna mwongozo unaoweza kulijibu mapema. Tatizo ni kwamba tumelizoea kwa kuhesabu mizani, kutaja bahari, kutambua nafsineni na kuandika ubeti kwa lugha tutumbi, tukaliacha swali la kwa nini mshairi alihitaji umbo hilo kusema neno hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa watu wa Adu: vitabu ni vichache, Malindi mjini ni mbali, na mwongozo mmoja wa kitabu ukipita mikononi mwa darasa zima huokoa wengi. Sawa. Ila tegemeo hilo lina faida pale tu mtihani unapouliza kile ambacho mwongozo umekwisha kujibu. Kisomo cha dai na ushahidi hakihitaji rafu ya vitabu; kinahitaji matini fupi isomwe mara nyingi, na matini fupi hazijapungua Magarini, kuanzia ngano za jioni hadi nyimbo za mwanzele matangani. Kuhusu wazazi wanaoona serikali ikilenga asilimia 60 ya wanafunzi waende sayansi na teknolojia, jibu ni fupi: wakili, mwanahabari na karani wa mahakama wote hulipwa kwa kusoma maneno ya watu na kusema yanathibitisha nini.

KCSE itaendelea hadi kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 mwaka 2027, kwa hiyo walimu wengi watafundisha namna zote mbili katika jengo moja, na mazoea ya zamani yatavuta. Mwalimu wa Gredi ya 10 asingoje mtihani mpya umwelekeze. Awape wanafunzi swali moja lisilo na idadi ya hoja, kurasa mbili za kulijibu, na arudishe kila karatasi ambayo dai lake halijulikani ni lipi.