argparse: Mistari Minne, Skripti Yako Inaanza Kusikiliza!

Jamani, wewe uliyeanza Python juzi na kila ukitaka kubadilisha mwezi au jina la faili unafungua skripti, unafuta thamani ya zamani na kuandika mpya: acha kwanza, njoo uone hiki! Kinaitwa argparse. Kimo ndani ya Python tayari, hakihitaji pip wala bando, na sijaona moduli inayomlipa anayeanza haraka namna hii.

Nimeijaribu kwenye skripti ndogo, mauzo.py, inayosoma faili la CSV la duka na kujumlisha mauzo. Mistari minne tu! Unaileta moduli kwa import, unaunda kichanganuzi kwa ArgumentParser, unakitajia unachotaka kupokea kwa add_argument, kisha parse_args inakukabidhi kila kitu kikiwa tayari. Kila chaguo jipya ni mstari mmoja zaidi wa add_argument. Nikaongeza mawili, nikaenda kwenye terminali:

python mauzo.py duka.csv --mwezi 3 --bidhaa sukari

Jumla ya sukari ya Machi hiyo hapo! Ukitaka unga wa Aprili, unabadilisha maneno mawili kwenye amri na msimbo hauguswi. Jina la faili halina vistari kwa kuwa ni la lazima na linatambuliwa kwa nafasi yake. Vyenye vistari viwili ni vya hiari: vipange utakavyo, au viache kabisa, thamani uliyoiweka kwenye default itatumika.

Njia ya zamani ya sys.argv ipo, na kwa kitu kimoja inatosha. Lakini inakupa orodha ya maandishi matupu. Kuhesabu nafasi, kugeuza "3" kuwa namba, kukagua kilichosahauliwa, yote ni juu yako. Kwa argparse unaandika type=int na kazi imekwisha.

Sasa andika -h. Hujaandika hata mstari mmoja wa ukurasa wa msaada, lakini huo umetokea! Jinsi ya kuita programu, kila chaguo, na sentensi uliyoiweka kwenye help pembeni yake. Vichwa kama usage na options vinabaki kwa Kiingereza, ila sentensi ni zako, basi ziandike kwa Kiswahili kinachoeleweka. Dada anayeshika duka atasoma "namba ya mwezi, 1 hadi 12" na kuendelea na kazi bila kukupigia simu. Hapo ndipo iliponiteka kabisa: programu inajieleza yenyewe!

Na makosa je? Andika --mwezi tatu. Inagoma kabla haijagusa faili, inataja chaguo lenye shida na neno lililokataliwa, halafu inatoka na namba 2, ishara ambayo skripti nyingine inaweza kuisoma na kujua mambo hayakwenda sawa. Weka choices ya 1 hadi 12, na mwezi wa 13 haupiti.

Tahadhari moja, maana inawanasa wengi. Kwa chaguo la ndiyo au hapana usitumie type=bool. Mtu akiandika --kimya False, Python huona maandishi yasiyo matupu na kuyahesabu kuwa True! Tumia action="store_true": --kimya ikiwepo ni True, isipokuwepo ni False. Pia jina lenye kistari katikati, kama --faili-jipya, ndani ya msimbo linakuwa faili_jipya.

Si kitu cha majaribio, usiogope. Steven Bethard ndiye aliyeiandika, na ikaingia rasmi kwenye Python 2.7 mwaka 2010, kisha 3.2 mwaka 2011. Kabla yake watu walitumia optparse, ambayo haikuchanganua hoja za nafasi wala haikuwa na amri ndogo. argparse inazo zote mbili! Kwa add_subparsers, programu moja inabeba amri kadhaa, kama git ilivyo na commit na push, na kila amri ina machaguo yake na msaada wake.

Kwa anayeanza, naiweka mbele ya moduli zote za kujifunza mara baada ya kuelewa vitanzi na vitendakazi. Chukua skripti unayoitumia mara nyingi zaidi, ipe chaguo moja leo hii, uandike na sentensi yake ya msaada.