Matuta ya Mwethya

Kwenye miteremko ya Machakos, Kenya, tuta zuri huanza na kamba. Akina mama wawili husimama na fito za kimo kimoja, kamba ikiwa imefungwa kati yao, na katikati yake huning'inia pimamaji ndogo. Wa tatu hukodolea macho kiputo cha hewa. "Panda kidogo. Shuka. Hapo hapo!" Kiputo kikitulia, kigingi hupigwa, nao husogea. Hapa hakuna haraka. Mstari ukipinda, maji ya mvua hukusanyika pamoja na kulipasua tuta usiku mmoja.

Hawa ni mwethya, kikundi cha Wakamba cha kusaidiana kazi. Shamba laweza kuwa la mjane mwenye watoto wadogo, ambaye kila masika udongo wake huteremkia mtoni. Hatozwi pesa. Huwapikia muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, naye hushika jembe pamoja nao.

Sururu hutangulia kuvunja ardhi ngumu. Mtaro huenda chini sentimita 60, na upana ni kama huo. Kisha udongo hutupwa upande wa juu, si wa chini ulio rahisi. Hiyo ndiyo fanya juu. Mabega huuma, lakini koleo huzama na kupanda bila kukatiza, na kila fungu la udongo hutua juu ya lililotangulia. Kati ya mtaro na tuta huachwa ukingo mwembamba, udongo usije ukarudi shimoni. Tuta hushindiliwa, hupandwa nyasi za napia, mizizi ikamate.

Yanayobaki ni ya miaka. Mvua husomba udongo, tuta huuzuia, wenyewe huliinua tena, hadi mteremko ugeuke ngazi.

Miaka ya 1930 vilima hivi vilikuwa vimejaa makorongo, na kazi ya kulazimishwa na wakoloni ilileta chuki. Tuta walilolichagua wakulima wenyewe ndilo lililoenea. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao: tangu 1932 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko umepungua.

Mjane sasa hukata napia akamlisha ng'ombe, huvuna mahindi palipokuwa na changarawe, na zamu ya jirani ikifika huenda kuchimba. Sijaona Machakos jengo lililojengwa kwa ustadi kuzidi matuta haya.