Mgeni na Kiongozi Wake: Mark Twain katika Miji ya Ulaya

Msafiri huenda kutazama, naye hutazamwa. Kwa hiyo kila kitabu cha safari huwa na habari mbili: habari ya mji uliotembelewa, na habari ya mtu aliyeutembelea. Ya kwanza huchakaa upesi, kwa maana miji hubadilika. Ya pili hudumu, nayo ndiyo impasayo mhakiki kuipima. Kwa kipimo hiki yafaa kukisoma tena kitabu cha Mmarekani Mark Twain, The Innocents Abroad, kilichotolewa mwaka 1869, ambacho jina lake huwataja wasafiri wake kuwa ni watu wasioujua ulimwengu.

Twain, aliyezaliwa kwa jina la Samuel Clemens, aliondoka New York mwezi wa Juni, 1867, katika meli iliyoitwa Quaker City. Nauli yake, dola 1,250, ililipwa na gazeti la Alta California la San Francisco, naye aliilipa kwa barua alizoandika njiani. Kitabu kilitokana na barua hizo. Desturi ya wakati ule ilimtaka Mmarekani aingie Paris au Rome kama mwanafunzi aingiavyo mbele ya mwalimu mkali, astaajabu alipoambiwa astaajabu. Twain alikataa. Aliposimama Milan mbele ya Karamu ya Mwisho, kazi ya Leonardo da Vinci, alisema kwamba rangi zake zimefifia, na kwamba nakala zilizochorwa kando yake zilimpendeza zaidi. Wasomaji wengi wamekisifu kitabu kwa ukaidi huu, nao wana haki, kwa sababu mtu asiyekubali kutazama kwa macho ya kuazima ni mtu huru. Walakini kukataa kusujudu ni jambo moja, na kukataa kujifunza ni jambo lingine. Katika kitabu hiki mambo hayo mawili huvaa nguo moja. Njia nyepesi ya kuyatenga ni kuangalia jinsi mgeni anavyomtendea kiongozi anayemtembeza mjini.

Paris ndiyo mwanzo. Twain na wenzake wawili walimwajiri kiongozi aliyeitwa Billfinger. Walikuwa wametazamia jina la Kifaransa lenye fahari. Walipolikosa, walimvua jina lake wakambandika jina la Ferguson. Wao walitaka kwenda Louvre. Yeye aliwapitisha katika maduka ya hariri, moja baada ya jingine, kwa kuwa wenye maduka humpa kiongozi fungu lake kwa kila mnunuzi anayemleta. Kisa hiki huchekesha, na kicheko chake ni halali: mwenyeji alitega mtego, na mgeni akajilipiza kwa kalamu. Lakini jina la Ferguson halikubaki Paris. Lilifuatana na wasafiri mpaka Constantinople, likabandikwa kila kiongozi, mwema na mbaya, na sababu inayotolewa kitabuni ni kwamba majina ya watu wale yaliwashinda kutamka. Adhabu ya mdanganyifu mmoja ikawa mzigo wa wasio na kosa. Mgeni aliwageuza wenyeji kuwa wageni katika miji yao wenyewe.

Genoa na Rome mzaha ulizidi. Viongozi walizoea kuona Wamarekani wakitaharuki mbele ya kila kumbukumbu ya Columbus. Basi wasafiri hawa walikubaliana kuficha mshangao wao na kuuliza maswali ya kipumbavu. Katika Vatican walionyeshwa maiti ya Misri iliyohifadhiwa tangu zama za kale, wakauliza kwa utulivu kama mtu huyo amekufa. Ni vigumu kusoma maneno hayo bila kucheka. Hata hivyo, anayetaabika katika mzaha huu ni mtu anayetafuta riziki yake kwa kueleza mambo anayoyapenda, na anayestarehe ni mtu mwenye fedha ya kumlipa.

Kati ya Paris na Rome ipo Venice, na katika sura ya 23 kitabu kinabadilisha sauti. Msimulizi alikuwa amelisikia neno Renaissance mara nyingi mbele ya picha, akauliza huyo Renaissance ni nani na alitoka wapi. Kiongozi akamfahamisha kwamba hilo si jina la mtu. Kiongozi huyo alikuwa mtu mweusi, aliyezaliwa South Carolina na wazazi watumwa, akaletwa Venice angali mtoto mchanga. Alisoma, aliandika na kusema Kiingereza, Kiitalia, Kihispania na Kifaransa. Aliijua sanaa na historia ya mji kwa moyo. Na mavazi yake yaliwapita wasafiri wote. Twain anakiri kwamba huyu ndiye kiongozi wa kwanza aliyekuwa na ujuzi wa kweli. Anaongeza kwamba Venice mtu mweusi huhesabiwa sawa na mweupe, kwa hiyo hana hamu ya kurudi alikozaliwa, na kwamba uamuzi wake ni sahihi.

Uzito wa maneno haya hufahamika mtu akikumbuka kwamba Twain alilelewa Missouri, jimbo la watumwa, na kwamba utumwa ulikomeshwa katika katiba ya Marekani mwaka 1865, miaka miwili tu kabla ya safari. Hapa mgeni hakusujudu, bali alijifunza. Lakini habari yenyewe imepewa aya moja fupi. Inayofuata ni habari ya kunyolewa ndevu.

Hasara ya haraka hiyo huonekana katika sura ya 26. Hapo Twain anajifanya Mrumi wa mashamba aliyekwenda Marekani, akarudi kuwasimulia wenzake maajabu: watu wa kawaida wanaojua kusoma, na Wayahudi wanaotendewa kama binadamu. Rome ilikuwa chini ya utawala wa Papa mpaka mwaka 1870, na Wayahudi wake walibanwa kwa sheria; shutuma ilikuwa ya kweli, na hila ya kugeuza macho ni ya ustadi mkubwa. Walakini nchi inayosifiwa na Mrumi huyo ndiyo ile ambayo kiongozi wa Venice hatamani kuirudia. Sura hizi mbili zimetengana kwa kurasa chache, wala mwandishi hazikutanishi. Nyani haoni kundule.

Haifai kuhukumu kwamba Twain hakuona, aliona, akapita. Aliporudi kwenye jambo hilo katika Adventures of Huckleberry Finn, kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, alimpa Jim, mtumwa mtoro, nafasi ambayo kiongozi wa Venice hakuipata. Kwa hiyo The Innocents Abroad kisomwe kwa kicheko chake chote, lakini msomaji asimame pale mwandishi alipofanya haraka. Hazina ya Ulaya iliyomfaa zaidi Mmarekani yule haikuwa katika Louvre wala Vatican; ilikuwa ikitembea mbele yake katika mitaa ya Venice, ikimjibu maswali yake kwa adabu.