Sanaa ya Posta na Swali la Hukumu

Tumezoea katika masomo ya fasihi kusema kwamba kazi ya sanaa ina mwenyewe, ina umbo lililokamilika, na ina msomaji anayeipokea ikiwa tayari. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza sanaa inayoyakataa mambo hayo matatu kwa pamoja: sanaa ya posta, yaani michoro, kadi, mihuri na karatasi za kubandikwa ambazo watu huzitengeneza kwa mikono yao na kupelekeana kwa barua. Swali letu ni la mhakiki: ikiwa kila kitu hupokelewa na hakuna kinachokataliwa, uhakiki una kazi gani?

Anayetajwa kwanza katika historia ya sanaa hii ni Ray Johnson, Mmarekani aliyezaliwa Detroit mwaka 1927. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akikata picha za magazeti, akizibandika na kuzichorea, kisha akizitia katika bahasha na kuwapelekea marafiki, wakosoaji, hata watu asiowajua. Mara nyingi karatasi ilibeba agizo: mpokeaji aongeze kitu chake, halafu airudishe, au ampelekee mtu wa tatu aliyetajwa. Mwaka 1962 mwenzake Edward Plunkett aliupa ushirika huo jina la New York Correspondence School, kwa kuzifanyia mzaha shule zinazofundisha kwa barua. Johnson akapenda kuandika Correspondance, kwa herufi a, ili neno la Kiingereza lenye maana ya dansi litokeze ndani yake. Msomaji wa Kongo aliyelelewa katika Kifaransa hupita hapo bila kuona ajabu yoyote, kwa kuwa Kifaransa huliandika neno hilo hivyo hivyo. Jambo hili dogo latufundisha kwamba kazi ya Johnson huishi katika anwani yake. Mpokeaji akibadilika, maana nayo hubadilika, na pengine hufa njiani.

Ndiyo sababu maonyesho ya mwaka 1970 katika makumbusho ya Whitney, New York, yanastahili kutazamwa kwa jicho la uhakiki. Vilionyeshwa vitu vilivyotumwa na watu zaidi ya mia walioalikwa na Johnson. Ilikuwa heshima kubwa, lakini barua iliyotundikwa ukutani haijibiwi tena. Watazamaji waliona karatasi. Mwendo wa kwenda na kurudi, ambao ndio sanaa yenyewe, haukuweza kutundikwa.

Baadaye desturi ya maonyesho ya namna hii ilijijengea kanuni: pasiwe na majaji, pasiwe na malipo ya kushiriki, kila kilichotumwa kionyeshwe, kisirudishwe, na kila mshiriki apelekewe orodha ya walioshiriki. Mwaka 1984, katika maonyesho ya Franklin Furnace mjini New York, mteuzi aliacha baadhi ya kazi zilizotumwa, na ghadhabu ya washiriki ilikuwa kubwa. Tunawaelewa. Waliahidiwa ukarimu, wakakuta mchujo. Hata hivyo, kanuni njema ya kumkaribisha mgeni haitoshi kuwa kanuni ya kuisoma kazi yake. Mapokezi ya wote yameruhusu pia karatasi nyingi za uvivu, zilizogongwa mhuri na kutumwa kwa mamia bila kumfikiria hata mmoja wa wapokeaji.

Tena si kweli kwamba sanaa hii haikuhukumiwa. Mwaka 1976, huko Recife, Brazili, Paulo Bruscky na Daniel Santiago walifungua maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya posta ndani ya jengo la posta lenyewe. Utawala wa kijeshi ukayafunga siku ile ile, na wao wawili wakatiwa kizuizini. Mwaka 1977 Clemente Padín na Jorge Caraballo walifungwa nchini Uruguay kwa sababu ya kazi zao, na wenzao wa nchi mbalimbali wakaandika barua kudai waachiliwe. Hapo ndipo thamani ya ushirika huu ilipoonekana wazi kuliko katika makumbusho yoyote. Orodha ya anwani, iliyoonekana kama mchezo wa watu wenye nafasi, ikawa orodha ya mashahidi. Askari walikuwa wameisoma sanaa hii kwa makini zaidi ya wakosoaji wengi: walitambua kwamba karatasi inayojibiwa ina nguvu.

Tukirudi katika fasihi ya Kiswahili, tunakuta kipimo kinachoweza kutusaidia. Washairi wetu wamejibizana kwa muda mrefu, na tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, posta ilikuwa njia mojawapo ya majibizano hayo. Mshairi alituma beti zake, mwingine katika mji wa mbali akajibu. Anayejibu alitazamiwa kuisikia hoja ya mwenzake na mara nyingi kuifuata bahari yake. Aliyejibu nje ya hoja alionekana mara moja, bila kuitiwa jaji. Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika sanaa ya posta pia tusiihukumu karatasi peke yake. Tuulize: je, nyongeza hii imeisikia karatasi iliyotangulia? Je, imemwachia anayefuata nafasi ya kusema? Kwa kipimo hiki Johnson ni msanii mkubwa, kwani alijua kumwandikia mtu mmoja.

Limebaki jambo linalotugusa sisi. Sanaa hii hujiita wazi kwa wote, lakini uwazi wake una bei ya stempu, au tembre kama tusemavyo hapa, na unahitaji posta inayofika. Katika miaka ya 1990 posta ya nchi yetu ilidhoofika mno, na barua nyingi zilikwenda mikononi mwa wasafiri. Kanuni za wasanii wa posta hazikuwahi kumfikiria mchukuzi huyo. Mashine ya posta haimjui mpokeaji. Msafiri humtafuta mtaani kwa jina, huulizwa habari, na hurudi na jibu la mdomo juu ya lile lililoandikwa. Naye ameongeza kitu chake.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Johnson alifariki tarehe 13 Januari 1995, na siku hizi barua zake huhifadhiwa na kuuzwa kwa bei ambayo wapokeaji wa kwanza hawakuiota. Mwenye kuzichunguza na aanze kwa kutafuta majibu yake, kama bado yapo.