Kujinasua si Kutoroka: Uhakiki wa Istilahi za Mieleka

1. Suala lenyewe

Kiswahili kina maneno mengi ya kumwangusha mtu. Mtu hubwagwa, hupigwa mweleka, hukatwa ngwala, huangushwa chali au kifudifudi. Lakini mara mgongo unapogusa ardhi maneno hupungua. Neno mweleka lenyewe latuonyesha sababu, kwani maana yake ni mwanguko. Lugha iliyoupa mchezo wote jina la mwanguko haikuwa na haja kubwa ya kutaja yatokeayo baada yake.

Leo haja hiyo ipo. Katika mieleka ya Olimpiki, ambayo ilikuwamo tangu michezo ya Athens ya mwaka 1896, kuangushwa hakutoshi kumaliza shindano. Mabega yote mawili hayana budi kugandamizwa chini. Judo iliingia Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, na Zanzibar imefundishwa tangu miaka ya 1990. Mchezo huo humpa ushindi kamili anayemshikilia mwenzake chini kwa sekunde 20. Katika sekunde hizo aliye chini hana budi kujua la kufanya, na mwalimu hana budi kumwambia kwa neno moja linaloeleweka papo hapo. Makala haya yanakusudia kupima maneno yanayoweza kutumika, na kuonya juu ya yale yasiyofaa.

2. Kosa la "kutoroka"

Mfasiri mwenye haraka anapokutana na jambo hili katika kitabu cha Kiingereza hushika neno kutoroka, kwa kuwa ndilo linalomjia kwanza. Neno hilo halifai. Kutoroka ni kuondoka kwa siri mahali mtu anapotakiwa awepo: mfungwa hutoroka gerezani, mwanafunzi hutoroka shuleni, na kila mmoja wao huitwa mtoro. Aliye chini ya mwenzake hana siri wala hatia. Yumo uwanjani, mbele ya mwamuzi, na anatazamiwa abaki humo humo.

Kuokoka nako hakufai, maana aghalabu mtu huokolewa na mwingine au na bahati. Kuponyoka kunakaribia, lakini kunaeleza zaidi ulegevu wa mkono ulioshika kuliko juhudi ya aliyeshikwa.

Yafaa tuwasikilize watu wanaohitaji kutofautisha mambo haya kila siku. Kwa wavuvi na mabaharia wa Kilwa Kivinje, Songo Songo na Lindi, chombo kilichopwelewa si sawa na chombo kilichokwama, na vyote viwili si sawa na samaki aliyenaswa. Kilichopwelewa kimeachwa na maji ya kupwa. Husubiri yajae, kisha huelea chenyewe. Kilichokwama kwenye fungu au mwamba hukwamuliwa kwa nguvu za watu. Aliyenaswa ana adui: yupo aliyeutega wavu. Mtu aliyekaliwa kifuani hawezi kusubiri maji yajae, wala hakuzuiwa na mchanga. Amenaswa na mtu. Kwa hiyo kitenzi chake ni kunasua, na kwa kuwa afanyaye ndiye huyo huyo aliyenaswa, atajinasua. Kiambishi cha kutendua kilichotoa kunasua katika kunasa ni kile kile kilichotoa kukwamua katika kukwama. Hatukuunda kitu kigeni.

3. Jina la jumla na majina ya aina

Kujinasua liwe jina la jumla. Lakini njia za kujinasua ni zaidi ya moja, na kuzichanganya kwa neno moja ni kumpoteza mwanafunzi.

Njia ya kwanza ni ya aliyekaliwa kifuani. Huubana mkono mmoja wa aliye juu, huuzuia na mguu wa upande ule ule, kisha huinua nyonga kwa nguvu na kubiringika juu ya bega kuelekea upande uliozuiwa. Aliyekuwa juu, akiwa hana mkono wala mguu wa kujiegemeza, huenda chini. Hapa nafasi zimebadilishana, na neno kupindua latosha kabisa, kama dau linavyopinduliwa na wimbi la ubavuni. Baadhi ya walimu husema "piga daraja". Taswira ni nzuri, ila ina hatari: mwanafunzi aweza kudhani anatakiwa kusimamisha shingo. Aambiwe waziwazi "inua nyonga".

Njia ya pili haigeuzi nafasi. Aliye chini hulala ubavu, hutia kiwiko penye goti la mwenzake, husogeza nyonga nyuma, na katika mwanya uliopatikana huingiza goti lake. Bado yu chini, lakini miguu yake sasa iko kati yake na adui. Huku ni kuchopoka. Wageni wameuita mwendo huu kwa jina la kamba wa baharini, ambaye hukunja mkia na kuruka kinyumenyume. Watu wa kuanzia delta ya Rufiji hadi Kilwa wanamjua kamba vyema, na hawatapinga mfano huo. Lakini "jifanye kamba" katika lugha yetu ni amri yenye utata, kwa sababu kamba ni uzi wa kufungia pia. Mfano ubaki katika maelezo. Amri iwe "toa nyonga".

Kwa upande wa aliye juu, tuepuke kusema "amempanda", kwa sababu ya maana ambayo kitenzi hicho kinayo kwa wanyama. Kumkalia na kumlalia ubavuni yanatosha, wala hayamwaibishi mwalimu mbele ya darasa.

4. Tahadhari juu ya "toketa"

Waamuzi wa judo hutumia maneno ya Kijapani duniani kote, nasi hatuna sababu ya kuyaondoa uwanjani. Lakini anayeyaeleza kwa Kiswahili awe mwangalifu. Mwamuzi asemapo "toketa", sikio la Mswahili husikia "ametoka". Sivyo. Neno hilo lamaanisha kwamba mbano umefunguka. Aliye chini akifaulu kuuzingira mguu wa mwenzake kwa miguu yake, mwamuzi hutamka neno hilo ingawa hajatoka popote. Tafsiri sahihi ni "mbano umefunguka".

5. Neno "kufurukuta" nje ya uwanja

Jambo hili si la michezo peke yake. Askari, mlinzi na mhudumu wa wagonjwa wa akili nao hulazimika kumshikilia mtu chini. Mtu aliyelazwa kifudifudi huku uzito umemwelemea mgongoni aweza kukosa pumzi na kufa. Kabla ya hapo hufurukuta. Katika taarifa ya maandishi kufurukuta huko huweza kuandikwa kwa urahisi kuwa "alikaidi" au "alijaribu kutoroka". Samaki wavuni hafurukuti kwa ukaidi. Kukaidi ni kukataa amri. Kujinasua ni kutenda kwa ufundi na kusudi. Kufurukuta ni mwili kutafuta nafasi, pengine pumzi. Mwandishi wa taarifa anayeyachanganya maneno haya matatu ametoa hukumu kabla ya hakimu, na ameficha dalili ambayo msomaji wake angeihitaji.

6. Mapendekezo

Tunapendekeza kujinasua (jina: mnasuo) kwa tendo la jumla, kupindua (mpinduo) kwa njia ya kugeuza nafasi, kuchopoka (mchopoko) kwa njia ya kutoa nyonga, mbano kwa hali ya kushikiliwa chini, na kufurukuta libaki na maana yake ya kawaida, bila kugeuzwa kuwa kosa.

Utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tuanzie katika Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Kimgao cha Kilwa, pamoja na Kimachinga, Kimwera na Kimatumbi, havijaulizwa ipasavyo juu ya michezo ya watoto mchangani. Walimu wa wilaya hizo waulize, waandike, na watuletee wayasikiayo. Likipatikana neno lililo bora kuliko haya, haya yatalipisha.